Kigoda Kando ya Kabati

Bweni la madereva, 4 Februari

Mume wangu,

Natumaini mko wazima. Mshauri ametutaka tuandikiane barua za karatasi katikati ya vikao, kwa sababu anasema kwenye simu sisi hatuzungumzi, tunarushiana mawe. Haya, nimekaa kwenye kitanda cha chuma, magoti yangu ndiyo meza, na mwenzangu wa chumba anakoroma kuliko injini yangu.

Nakushukuru kwa kukubali vikao hivi. Najua ulisema mshauri wa kwenye skrini ni sawa na daktari wa redioni. Lakini tungefanyaje? Wewe uko huko na lifti zako, mimi niko huku na treni ya mizigo, na tukikutana tunagombana mpaka likizo inakwisha. Siku ile uliponiambia, "Treni ndiyo mumeo, mimi ni kituo tu," nililia njia nzima, na msaidizi wangu akadhani ni vumbi la saruji.

Sasa la Jumanne. Mshauri alipouliza kama kila mtu yuko peke yake chumbani, ulisema Mama amemtoa Chiriku nje kucheza. Ndiyo maana nilifungua moyo. Mama yako simchukii. Aliacha mambo yake akaja kutulelea mtoto nilipopangiwa kazi huku, na Chiriku ana afya, anasoma, anajua kusalimia watu. Ila tulikubaliana ni mpaka nitakapopewa nyumba ya familia hapa kituoni, na nimeahidiwa kuipata katikati ya mwaka. Kila nikimkumbusha Mama, ananijibu, "Tutaona." Mtoto ana miaka saba na anamwita yeye mama. Mimi ananiita Mama wa Treni.

Ndiyo nikamwambia mshauri kwamba kilichonibakia ni simu ya Jumapili, Chiriku anaponing'ang'ania nimsimulie kuku aliyekataa kuazima viatu. Nilisema siku atakayoacha kuiomba hadithi ile, nitajua nimeshampoteza. Hayo sijawahi kumwambia mtu. Nakuomba yasimfikie Mama, ataona namsema.

Mbusu mwanangu kwenye paji la uso.

Mkeo

*

Nyumbani, 13 Februari

Mkwe wangu mpenzi, Mama Chiriku,

Sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na vyuma hivyo vinavyopiga kelele. Usiucheke mwandiko wangu. Mkono huu umezoea kupokea watoto, haukuzoea kalamu, na tangu nistaafu ukunga hata vidole vimekuwa vivivu.

Chiriku anarefuka kama anayevutwa. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na bado anaongea kutwa kucha kwa pengo hilohilo. Ila amepevuka, mwanangu, usije ukashangaa. Anaona haya kwa mambo ya kitoto. Juzi nilimtania tu kwamba wenzake darasani wakijua bado anasimuliwa hadithi za kuku, watamwita kifaranga. Akasema, "Basi sitaki tena." Watoto wa siku hizi wana akili!

Nakuambia mapema ili usiumie. Nia yangu ni kukupunguzia mzigo. Mtu ametoka kazini amechoka, wa nini kumkamua hadithi?

Kula vizuri. Umekonda kwenye ile picha.

Mimi mama yako, Bibi Chiriku

*

Bweni la madereva, 20 Februari

Mume wangu,

Jumapili Chiriku aliniuliza kama nimekula, akaniambia mwalimu wake ana mafua, akasema kwaheri. Nilimwuliza, "Leo hutaki kuku?" Akajibu, "Kuku ni wa wadogo." Nikacheka, si ndivyo mtu mzima anavyofanya? Kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za bweni mpaka wenzangu wakaniuliza nani kafa.

Niambie kweli. Ulimwambia Mama nilichosema? Maana barua yake imekuja na kuku yuleyule. Kama hukumwambia, basi ni bahati mbaya tu, na mimi nimeanza kuota nikiwa macho.

Nashukuru mshauri alinituliza Jumanne. Nilipokuwa nasema naogopa kuja likizo mwezi ujao, sikuwa naigiza. Mimi najua mtoto anavyoweza kumkataa mama yake. Kama nilivyomweleza mshauri, nilipokuwa mdogo mama yangu alikaa mbali kwa matibabu, na aliporudi nilijificha nyuma ya pipa la maji, nikakataa kutoka mpaka jirani akanivuta mguu. Mama alicheka mbele za watu. Baadaye nikamwona amejifunika uso kwa taulo. Kile kicheko ndicho ninachokiogopa, nisije nikakicheka mimi.

Halafu, mbona ulikuwa ukitupa macho upande wa kabati? Kila nikisema jambo, jicho linakwenda. Una nini kule?

Mkeo

*

Mjini, 26 Februari

Mama Chiriku,

Sikumwambia Mama neno. Naapa kwa mikono yangu hii ambayo ndiyo kazi yangu. Watoto hukua, ndiyo hivyo.

Upande wa kabati kuna dirisha na pazia halifungi vizuri, jua linanipiga. Na wewe usigeuze vikao kuwa mahakama, mara jicho limekwenda wapi, mara pua imekaaje.

Wiki hii nilikwama kwenye lifti ya jengo la ofisi na watu wa harusi, bibi harusi na shela lake lote. Mimi ndiye niliyeitwa kuwatoa, nikaingia kupima, mlango ukatufungia sote. Mama wa bwana harusi akaniuliza, "Na wewe fundi, nani atakuja kukutoa?" Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani lile swali halikunichekesha tena.

Nina ombi moja. Punguza kidogo maneno kuhusu Mama kwenye vikao. Ni mtu mzima, anatufaa. Mimi na yeye tuna yetu ya zamani, unayajua. Niliyokueleza kuhusu yeye yaishie kwako.

Njoo likizo. Tutakuwa vizuri.

Baba Chiriku

*

Nyumbani, 18 Machi

Mwanangu Mama Chiriku,

Pole na safari. Natumaini umefika na machozi yamekauka.

Usiyaweke moyoni yaliyotokea. Mtoto ni mtoto. Kuingia chini ya kitanda na kushika chaga kwa mikono yote miwili si kwamba hakupendi, ni mshtuko tu. Mimi nilimwandaa vizuri. Nilimwambia, "Mama wa Treni anakuja, na akipata nyumba atakuchukua mkaishi kwenye reli." Sikuongeza wala sikupunguza. Kama aliogopa, labda ni zile kelele za treni anazozisikia kwenye simu.

Na wewe ulijikaza, nilikuona. Ulicheka vizuri mbele ya majirani. Lile gauni la njano ulilomletea nimelitunza, ingawa halimtoshi. Ulimkumbuka mdogo.

Wala usione ni mkosi. Si wewe mwenyewe ulijificha nyuma ya pipa la maji mama yako aliporudi? Na bado ukaja kumpenda. Mambo haya huenda na kurudi.

Baba Chiriku anasema mnaendelea na vikao. Endeleeni. Vinawasaidia.

Mama yako, Bibi Chiriku

*

Ofisi ya ushauri, 24 Machi

Ndugu mteja,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa makini. Nasikitika kusikia uliyopitia wakati wa likizo.

Naomba nijibu maswali yako kwa utaratibu wake. Hapana, sijawahi kuzungumza na mama mkwe wako, wala simfahamu. Hapana, vikao vyetu havirekodiwi. Kisa cha pipa la maji nilikisikia mara moja tu, siku ulipokieleza wewe mwenyewe. Kama unavyosema, na mumeo alikisikia siku hiyohiyo.

Kuhusu swali lako la mwisho, ni kweli kwamba mimi naona kile tu kamera inachoonyesha. Mwanzo wa kila kikao huwa nauliza kama mteja yuko peke yake, na nalazimika kuamini jibu ninalopewa. Siwezi kumwomba mteja azungushe simu chumba kizima, itaharibu hali ya kuaminiana.

Nakushauri usimshutumu mtu kwa barua. Lilete jambo hili kwenye kikao cha Jumanne, ulieleze kwa utulivu, ukianza na hisia zako. Kikao ni mahali salama.

Mshauri wenu wa familia

*

Bweni la madereva, 27 Machi

Mume wangu mpenzi,

Nimefika salama na nimetulia. Likizo ilikuwa ngumu, lakini nimeona makosa yangu. Nimekuwa nikimsema Mama bila shukrani. Jumanne nataka tuzungumze habari zako wewe. Miezi yote hii mimi ndiye ninayelia, na wewe umekaa kama mtu wa kushika taa. Mshauri naye ameona ni vizuri.

Usikose. Kaa palepale unapokaa siku zote, panakupendeza. Na Mama usimsumbue siku hiyo na habari za kutoka nje na mtoto. Mwambie mtoto aende kwa jirani, Mama akae popote apendapo, apumzike.

Mkeo akupendaye

*

Mjini, 5 Aprili

Wewe mwanamke,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Ulijua. Ulijua yupo pale, ukasema.

Umenichekea, "Mume wangu ana jeraha na haliongelei, naomba nimsaidie." Na mshauri wako akaitikia kwa kichwa, "Karibu, tunakusikiliza." Ukaanza. Kwamba Mama aliniacha kwa mjomba nikiwa na miaka sita, akaenda kupokea watoto wa watu. Kwamba mjomba alikuwa akinichapa kwa waya wa umeme, na siku niliyotoroka nikatembea mpaka zahanati kwake, alitoka mlangoni na mikono yenye damu ya mzazi, akaniambia, "Rudi, nina kazi." Yote hayo nilikuambia wewe, kichwa changu kikiwa kwenye bega lako.

Hayo yangetosha. Ungeweza kuishia hapo, hata mimi ningekusamehe. Lakini ukaangalia kamera. Hukuniangalia mimi, uliiangalia kamera hasa, ukasema polepole kama unayemsomea kiziwi: "Aliniambia anamvumilia mama yake kwa sababu tu anatulelea mtoto. Alisema siku Chiriku akiondoka, na mama yake aondoke, maana akibaki naye peke yake ndani ya nyumba hataweza kupumua."

Mshauri akaniuliza, "Je, haya ni maneno yako?"

Ningekataa. Neno moja tu, hapana. Lakini kwa vikao vyote hivi tumefundishwa tuseme ukweli, na ulimi wangu ukazoea ujinga huo. Nikasema, "Ndiyo, lakini." Hakuna aliyeisubiri lakini. Kigoda kilianguka. Ulikisikia, niliona ulivyokaa vizuri kwenye kiti chako.

Kweli, alikuwa akikaa pale. Siku ya kwanza aliingia kutafuta kitambaa chake, akakaa, na mimi sikujua namna ya kumwambia mama yangu atoke. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi, akawa na mahali pake. Sikujua anayafanyia nini aliyoyasikia. Au tuseme sikutaka kujua. Chagua.

Sasa hali, hasemi nami. Anamsuka mtoto nywele, anafumua, anasuka upya.

Vikao nimevifuta.

Mimi

*

12 Aprili

Mama Chiriku,

Sikusalimu, na wewe usinisalimu.

Umeuliza kwa kila mtu isipokuwa mimi, basi nakujibu. Ndiyo, nilikuwa nakaa kwenye kigoda kando ya kabati. Nilikaa huko tangu kikao cha kwanza. Nilisikia habari za kuku, nikamwachisha kuku. Nilisikia habari za pipa, nikajua mtoto akiogopeshwa kidogo tu atajificha mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kumsubiri mzazi, kumwacha asukume mwenyewe, na kushika kichwa kinapotokeza. Sikuhitaji nguvu.

Unadhani nilifanya kwa kukuchukia? Hata sikukufikiria sana. Mimi nilinyimwa kulea mtoto wangu. Kazi ilinipeleka, na usiniambie ningeiacha, wewe mwenye treni. Nikazeeka nikijua mwanangu ananisalimia tu kwa adabu. Kisha mkaniletea huyu, mwenye macho yaleyale, akalala kifuani pangu, akaniita mama. Nikasema huyu simwachi. Ulipokuwa ukihesabu miezi ya kuja kumchukua, nilikuona kama mtu anayekuja kuuchukua moto wangu ajipikie kwake.

Niliyokutendea niliyatenda. Lakini wewe umenizidi, nakuvulia kilemba. Mkuki kwa nguruwe. Mimi nilikupiga kwa mkono wa mtoto, wewe umenipiga kwa mdomo wa mwanangu mwenyewe, na akakubali.

Unapoisoma hii nimeshaondoka. Niko kwa binti yangu. Asubuhi nilimvalisha Chiriku sare, nikamwambia nakwenda dukani, nitamkuta akirudi shule. Sikumuaga. Ningemuaga angelia, na angelia ningebaki. Baba yake hana habari hata ya mahali pa kijiko. Njoo mchukue mtoto wako, na swali la niko wapi mjibu wewe, kwa maana wewe ndiye hodari wa kusema.

Mkunga

*

Nyumba za kituo, 2 Juni

Shikamoo Mama,

Najua hukutaka salamu yangu, lakini sijui kuanza barua kwa mkubwa bila salamu.

Mkuu wa kituo alinionea huruma akanipa nyumba kabla ya wakati. Ni vyumba viwili na baraza, inatazama yadi. Nimeomba kuacha safari ndefu, sasa nasukuma mabehewa mbele na nyuma hapahapa, kama mtu anayepanga viatu vya wageni mlangoni. Wenzangu wananitania kwamba nimeshushwa kutoka ndege hadi baiskeli. Potelea mbali. Nilisema nikiwa naye kila jioni, atanizoea.

Mama, hasemi. Yule mtoto aliyekuwa haishiwi maneno anajibu ndiyo na hapana. Anakula nikimwambia ale. Akitoka shule anakaa barazani anatazama njia, na kila mwanamke akipita na mfuko anasimama. Nilimwambia bibi amehamia kwa shangazi. Akaniuliza, "Duka liko kwa shangazi?"

Juzi nilimkuta amefunga nguo zake kwenye shuka. Nilipomwuliza anakwenda wapi, akasema hajui njia, ndiyo maana amekaa.

Sikuandikii kukulaumu, na wala siombi usahau. Nilifanya makusudi. Nilikaa siku nzima kabla ya kile kikao nikichagua maneno kama anayechagua visu sokoni. Nilifurahi kigoda kilipoanguka. Furaha yenyewe haikufika hata jioni.

Sasa nakuomba, si kwa ajili yangu. Mwandikie mstari mmoja. Au niambie nikupigie simu saa yoyote umwambie, "Mjukuu wangu, niko hapa, nakupenda, kaa na mama yako." Basi. Ukitaka nipige magoti, nimeshapiga, hakuna wa kuniona huku.

Mkweo

*

14 Juni

Mama Chiriku,

Barua nimeipata.

Siandiki na wala sipigi simu. Nikisikia sauti yake nitakuja, na nikija hatutaelewana mlangoni, mimi na wewe tutamgawana kama kitenge.

Mwambie nimekufa. Usishtuke. Mtoto husamehe maiti upesi kuliko mtu aliyemkimbia. Najua ninachosema, nina mwana wa miaka arobaini ambaye hajanisamehe kwa sababu tu nilikuwa hai muda wote huo.

Mwambie, atalia, atanyamaza, atakuwa wako. Si ndivyo ulivyotaka?

Mkunga

*

Nyumba za kituo, 23 Juni

Baba Chiriku,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Mama yako alinijibu kwamba nimwambie mtoto amekufa. Kwa siku kadhaa nilimwona ni mchawi. Kisha Ijumaa Chiriku akatoka barazani akamfuata mama mmoja mwenye kilemba cha bluu mpaka ng'ambo ya reli, na kulikuwa na mabehewa yanasukumwa. Si mimi niliyekuwa nasukuma. Dereva alifunga breki, zikasikika hadi ofisini. Nilipomfikia alikuwa amesimama katikati ya reli, hakuumia, anasema, "Nilidhani ni yeye."

Jioni hiyo nikamwambia.

Nilimkalisha kwenye mkeka, nikamwambia bibi aliugua kwa shangazi, akafa. Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Aliumia?" Nikasema hapana. Akauliza, "Nani alimzika?" Nikasema baba. Kwa hiyo nimekutia nawe ndani ya uongo huu. Akikuuliza, ulimzika wewe.

Akauliza kama ninajua hadithi yoyote ya mtu aliyekufa. Nikasema sijui. Akalala mgongo wake ukiwa kwangu, lakini alilala, na tangu siku hiyo hakai tena barazani. Jana alinieleza habari za shule tangu mlangoni mpaka sahani ikaisha. Nilikuwa nasikiliza kama mtu aliyeiba kitu na kila mtu anampongeza kwa kukimiliki.

Usimwambie Mama kwamba nimefuata neno lake. Asije akalifurahia.

Mama wa mtoto

*

Mjini, 24 Juni

Mke wangu,

Samahani kwa kutopokea simu. Nilikuwa na hasira, kisha nikaona aibu ya hasira, kisha nikanogewa na ukimya. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Nimelitoa kabati lote nje.

Nina habari njema, kaa chini. Nilikwenda kwa dada kumwona Mama. Hatukuzungumza siku ya kwanza. Siku ya pili nilimkuta anaosha vyombo, nikasimama nikawa namfutia, na akaniambia bila kugeuka, "Ile siku ya zahanati, mtoto niliyempokea alikufa. Nilikurudisha usione." Sijui kama ni kweli. Nimeamua iwe kweli.

Akalia, Mama Chiriku. Anasema alikuandikia jambo baya kwa uchungu na hakulikusudia, na anajua wewe una akili kuliko yeye, hukulifanya. Anataka kuja kumwona mtoto kabla ya mwezi kuisha. Amemfumia sweta. Nimempa ruhusa, na nauli ya basi, na namna ya kufika nyumba zenu.

Usimwambie Chiriku. Tumwache ashangae.

Baba Chiriku

*

6 Julai

Mama Chiriku,

Nimerudi kwa binti yangu salama. Huenda jirani yako alikueleza kwamba bibi mmoja alikuja ukiwa yadi, akaondoka bila kunywa hata maji. Nilikuwa mimi.

Mwanangu anasema barua yake na yako zilipishana njiani, na yako ilimfikia nikiwa nimeshapanda basi. Sikujua kama ulishamwambia. Sikulaumu. Neno nililipika mimi, wewe ulipakua tu.

Nilibisha hodi, akafungua yeye. Amenenepa kidogo, meno yameota. Sikumwita jina. Nikainua sweta tu ili alione. Alinitazama kuanzia kitambaa hadi viatu, kisha usoni, akakaa hapo usoni muda mrefu. Sidanganywi na macho ya watoto. Alinijua. Midomo ilianza kumtetemeka, nikafungua mikono.

Kisha akaikaza ile midomo. Akasema kwa adabu kabisa, kama tulivyomfundisha kusema na wageni, "Shikamoo. Mama hayupo. Bibi yangu alikufa."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, sikufa."

Akasema, "Ulikufa. Baba alikuzika." Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza, na nikamsikia akivuta komeo la juu na la chini.

Nimepokea watoto wengi kuliko nywele nilizobaki nazo. Anayelia hatukumwogopa kamwe, tulimfunga nguo tukampa mama yake. Tuliyemwogopa ni yule anayetoka kimya. Niliegemeza sikio kwenye ubao wa mlango wako nikingoja alie. Nilingoja mpaka basi likapiga honi.

Sweta nimeliacha dirishani.

Mkunga